Picha ya Mgongo

Nilifika Sumbawanga na matope hadi magotini, kamera nimeiviringisha ndani ya shati langu la shule. Kutoka Korogwe hadi Dar, Dar hadi Mbeya, Mbeya hadi Tunduma, mambo yalikwenda. Enzi hizo lami ilikuwa inaishia Tunduma. Baada ya hapo basi letu lilizama karibu na Laela, abiria tukashuka kusukuma, tukapanda, likazama tena. Siku mbili tulikula mahindi ya kuchoma ya watu wa pale, na mvua haikupumzika.

Kwenye kiti changu nilikaa na mama mmoja wa Kifipa aliyepakata kuku wawili. Akaniuliza, "Unakwenda kufanya nini kwetu, mwanangu?"

"Kupiga picha, mama."

"Haya, piga. Ila mvua ikinyesha usisimame chini ya mti, na mtu ukimpiga picha mwombe kwanza. Kwetu radi ina macho."

Basi zima likacheka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka kuku wakashtuka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia ya Sumbawanga na radi zake za kutumwa tangu nikiwa mdogo, kama mlivyosikia ninyi vijana, na ngurumo ya kwanza ilipopiga juu ya uwanda ule mpana usio na pa kujificha, nilishika kamera kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake.

Miaka yote niliyokaa kule radi haikunigusa. Wafipa walinilisha, wakanipa kazi, wakanifundisha kuvaa sweta. Nawaeleza hili mapema ili mtakaposikia neno hofu humu msidhani nazungumzia uchawi. Nazungumzia ninyi na mimi, na hicho kitu mlicho nacho mfukoni kinachopiga picha bila hata kutoa mlio.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Oswadi, mwenye studio ndogo karibu na soko. Ndani kulikuwa na pazia lililochorwa maua na ndege ya abiria, stuli moja, na kioo cha kuchania nywele. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza alichokuwa akisafishia picha nyeusi na nyeupe tangu ujana wake. Picha za rangi tulikuwa tunatuma mikanda Mbeya kwa basi, zinarudi baada ya wiki.

Mwezi wangu wa kwanza nilipelekwa kupiga picha za kipaimara. Nikapiga watoto, wazazi, msimamizi, hata katekista. Jioni nikafungua kamera. Hapakuwa na mkanda.

Mzee Oswadi alinitazama juu ya miwani. "Basi umewabariki, Rajabu. Umemsaidia askofu."

Nilizunguka nyumba moja moja kuomba radhi. Katika nyumba tatu nilipewa chai, katika moja nilifukuzwa na mbwa.

Aliyonifundisha ni mengi na sitayamaliza. Usimpige mtu picha saa sita mchana, macho yake yatakuwa mashimo. Mwenye kucheka sana mwache achoke kwanza, picha nzuri inakuja baada ya kicheko. Mkanda wa picha thelathini na sita ukiuvalisha kwa uangalifu, bila kupoteza mwanzo wake, utakupa ya thelathini na saba, na ukiwa na bahati ya thelathini na nane. Hizo za mkiani alituachia sisi vibarua. "Hizo ni posho yako. Piga unachopenda," alisema.

Na hili, alilolirudia kila wiki: kamera zetu mgongoni zilikuwa na saa ndogo yenye betri yake, inayoandika tarehe kwa tarakimu za rangi ya chungwa kwenye pembe ya picha. Wateja walizipenda mno tarakimu hizo. "Ukibadili betri, weka tarehe kabla hujanywa hata maji," alisema Mzee Oswadi. "Picha ikidanganya kwa sura, watu watacheka. Ikidanganya kwa tarehe, wataamini."

Nilimwitikia ndiyo, mzee. Siku niliyobadili betri nilikuwa nakimbilia harusi mtaa wa Chanji. Nikabonyeza kile kitufe haraka, na kwenye mwezi nikabonyeza mara moja zaidi. Niliona baadaye. Nikasema nitarekebisha. Picha zikaendelea kutoka zikiwa mbele ya siku zetu kwa mwezi mzima, na hakuna mteja aliyeniuliza, kwa hiyo nikasahau.

Sasa niwaambie nilichokuwa nikipenda, maana ndicho kilichonifikisha nilipofika.

Sumbawanga, mke na mume hawashikani mikono barabarani. Mume anatangulia, mke anafuata, na mgeni anaweza kudhani wamegombana. Mimi nilikaa na kamera yangu nikajifunza kutazama. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa baridi unaposhuka kwenye uwanda, mwanamume aliyesimama na mkewe kusubiri gari anahama upande bila kusema kitu, anasimama upepo unakotokea. Nilimwona Msukuma mmoja, wale waliohamia na ng'ombe wao, ameshuka kwenye baiskeli kwenye kilima na mkewe kabaki amekaa nyuma, anamsukuma taratibu huku wote wawili wametazama kwingine kabisa. Nilimwona mzee akimenya kiazi kikuu cha kuchoma na kumpa bibi yake kipande cha katikati, kisichoungua.

Hayo ndiyo niliyapiga kwa picha za mkiani. Kwa siri. Nilikuwa nimejifunza kuweka kamera kifuani na kubonyeza bila kuitazama. Picha nikazihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na negativu zake, vile vipande vya mkanda, na nikijisikia mpweke, mtu wa Tanga katika baridi ile, nilikuwa nazitandaza kitandani.

Mzee Oswadi aliziona siku moja. Alizipitia zote polepole. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Zisitoke humu ndani."

"Kwa nini mzee? Hawafanyi kibaya."

"Ndiyo maana. Mtu akifanya kibaya anajificha mwenyewe. Hawa hawajajificha, wewe ndiye unatakiwa uwafiche."

Sikumwelewa. Au nilimwelewa, ila nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilitaka kusifiwa.

Mwishoni mwa mwaka ule Mzee Oswadi alikwenda Wampembe, kule ziwani, kumwuguza dada yake. Nikabaki peke yangu na studio. Nje ya mlango tulikuwa na ubao wenye kioo ambapo tulikuwa tunabandika picha za mfano, mabibi harusi na watoto wa komunyo. Nikaondoa nne nikaweka nne za kwangu. Nilichagua kwa busara, nilidhani: zile ambazo uso hauonekani vizuri.

Mojawapo ilikuwa ya mwanamke amesimama kwenye maegesho ya malori ya samaki, jua ndio linachomoza, moshi wa baridi unatoka mdomoni. Anamfunga mwanamume vifungo vya koti. Uso wa mwanamke unaonekana kwa upande. Mwanamume ameipa kamera mgongo, na koti lake zito lina kiraka cha ngozi begani. Ilikuwa picha yangu bora kuliko zote. Sikuwajua watu hao ni nani.

Mgongo, nilijiambia, haumtaji mtu. Vijana, hapo ndipo kosa langu lilipo. Uso una mwenyewe. Mgongo kila mtu anaweza kuupa jina alitakalo.

Siku ya tatu wanaume wawili waliingia studio. Mkubwa alikuwa na picha mkononi, ameitoa ubaoni mwenyewe, kioo amekiacha wazi. Jina lake Fidelisi, mtu wa mtaa wa Kizwite. Aliongea taratibu kabisa.

"Shikamoo," nilisema, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho.

"Marahaba. Hii umepiga wewe?"

"Ndiyo."

"Huyu mwanamke ni shemeji yangu, Leonsia. Mke wa marehemu mdogo wangu Deo, aliyekufa na lori la samaki kwenye mteremko wa ziwani. Tulimzika mwezi wa sita. Na hili koti ni la Ambakisye, yule Mnyakyusa mwenye duka Chanji. Kila mtu analijua hili koti." Akaweka kidole kwenye pembe, kwenye tarakimu za rangi ya chungwa. "Hapa panasema mwezi wa saba. Arobaini ya mdogo wangu ilikuwa haijatimia. Nakuuliza wewe uliyekuwepo. Hii ni ya lini?"

Nilijua. Pale pale nilijua kwamba tarehe ni ya uongo na uongo ni wangu. Ningesema maneno manne tu: saa yangu ilikuwa mbovu. Lakini yule wa pili alikuwa amesimama mlangoni, mlango umezibwa, na nikaona nikikiri hilo ataniuliza la pili, kwa nini ulimpiga mwanamke wa watu bila yeye kujua. Nikatafuta njia fupi ya kuwaondoa.

"Si imeandikwa hapo?" nikasema.

Fidelisi aliitikia kwa kichwa mara moja, akatoka.

Nilifunga studio nikakaa chini nyuma ya pazia la ndege. Niliomba waisahau picha. Mnaona ujinga wa mwoga: anaomba watu wasahau kitu ambacho yeye mwenyewe amekigongea muhuri.

Kesho yake habari ilikuwa sokoni. Ambakisye amefunga duka, mlango wake umepigwa mawe. Mama mmoja muuza dagaa alinieleza kama anavyoeleza bei: "Watamwondoa Leonsia kwenye nyumba Jumapili. Ukoo unakaa baada ya misa. Watoto wanabaki upande wa baba yao, ni wadogo wote wawili. Yeye arudi kwao Laela na begi lake."

"Na kama si kweli?"

"Picha itasemaje uongo, bwana picha? Ingekuwa maneno ya watu, sawa."

Ijumaa Leonsia akaja mwenyewe. Alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Hakukaa kwenye stuli.

"Kaka, wewe ulikuwepo pale," alisema. "Yule ni Deo. Koti aliazima kwa Ambakisye kwa sababu lake lilikuwa limeloa. Kule ziwani kuna joto, akalivua, likabaki nyuma ya kiti cha dereva. Tulimrudishia mwenyewe msibani. Nimewaambia. Wananiuliza, na tarehe je? Dereva angesema, lakini yeye na Deo tuliwazika siku moja. Ambakisye hawamsikilizi. Waliobaki ni mimi na wewe tu."

Nilitazama sakafu.

"Sikuja kukugombeza," akasema. "Sijui hata kama uko salama ukisema. Ila mdogo bado ananyonya."

Nilimwambia nitaona. Hilo ndilo jibu nililompa. Nitaona! Alisimama kidogo, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka, na nilipomwona anavuka barabara watu walimpisha kama anayebeba moto.

Siku hiyo hiyo lori lilimrudisha Mzee Oswadi kutoka Wampembe. Nilimsimulia yote akiwa bado na vumbi kwenye nyusi. Nilitegemea kofi. Aliuliza kitu kimoja tu. "Ilikuwa ya ngapi kwenye mkanda?"

"Ya thelathini na saba."

"Na ya thelathini na nane?"

Nilikuwa nimeisahau. Pale kwenye malori, baada ya kubonyeza mara ya kwanza, nilibonyeza tena, na yule bwana aligeuka akaniona. Nikajifanya natazama tairi. Picha hiyo haikurudi kamwe, kwa sababu fundi wa Mbeya alipokata mkanda kutoka kwenye kopo lake alipitisha mkasi katikati yake, na mashine zao hazisafishi nusu.

Tulifungua kopo la biskuti. Mzee aliinua negativu dirishani. Mwishoni, baada ya ile ya thelathini na saba, palikuwa na kipande kilichokatwa wima, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Kuna mtu humu," alisema.

Tulitundika mablanketi madirishani ijapokuwa ilikuwa mchana kweupe. Mzee alivuta ile mashine yake ya kukuza picha, akaipangusa. Alinieleza huku anafanya kazi, hata siku ile hakuacha kufundisha: negativu ya rangi ukiisafisha kwenye karatasi nyeusi na nyeupe inatoka kijivu, kama uji, kwa hiyo iache ndani ya mwanga muda mrefu na usiharakishe dawa. Karatasi ikaingia kwenye beseni. Tuliinama. Kwanza likaja giza la koti. Kisha kiraka cha begani. Kisha mkono wa mwanamke kwenye kola, vidole vitatu. Na mwisho kabisa, taratibu, sura ya mwanamume aliyegeuka, jicho moja, nusu ya tabasamu, pengo la jino la mbele.

Mimi sikumjua. Mzee Oswadi alimjua. "Deo," akasema. "Nilimpiga picha ya paspoti akiwa darasa la saba. Alikataa kufunga mdomo."

Jumapili nilikwenda Kizwite. Mzee alitaka kunisindikiza, lakini magoti yake yalikuwa yamechoka na safari, na nadhani pia alitaka niende mwenyewe. Nawaambia ukweli, mara mbili niligeuka kurudi. Mara ya pili nilifika hadi kwenye kisima cha barabarani, nikanywa maji, nikageuka tena kuelekea Kizwite.

Walikuwa wamekaa uani, watu kama ishirini. Leonsia alikuwa chini kwenye mkeka, mtoto mgongoni, begi limeshafungwa zipu. Nikawaamkia wote. Hakuna aliyeniambia kaa.

"Nilisema uongo," nikaanza. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Saa ya kamera nilikuwa nimeiweka vibaya, imetangulia mwezi mmoja. Nilijua. Kaka Fidelisi aliponiuliza, niliogopa." Nikatoa ile karatasi ya kijivu. "Hii ilifuata sekunde ileile."

Fidelisi aliipokea. Aliitazama muda mrefu, kisha akamkabidhi mama yake. Mama mkwe wa Leonsia alikuwa na macho mabaya. Aliisogeza hadi karibu na pua. Akaweka kidole kwenye pengo la jino.

"Huyu mtoto," akasema, "nilimwambia aache kufungua chupa za soda kwa meno." Akaanza kulia, na akasogea mwenyewe, mzee yule, kwa makalio, hadi kwenye mkeka wa mkwewe.

Ningependa kuwaambia kwamba iliishia hapo. Begi lilirudi ndani, ndiyo. Fidelisi na nduguze walikwenda Chanji kwa Ambakisye na mbuzi, na duka likafunguliwa. Lakini nilipokuwa naondoka uani, wifi wa Leonsia, dada mtu, aliniita.

"Bwana picha. Ulimpiga Deo hakujua. Na sisi wengine umetupiga lini?"

Niliondoka haraka, na swali lake likanitangulia mjini.

Wiki iliyofuata mwalimu mmoja alikuja studio, amevaa suti, jasho linamtoka kwenye baridi. "Mshikaji, kama nimo kwenye hilo kopo, niambie." Hakuwamo. Hakuniamini. Akaja polisi asiye na sare, akaja mama wa kanisani, mtu mwenye heshima zake, ambaye sikuwahi hata kumwelekezea kamera, akanishika mkono kwa nguvu akasema, "Mwanangu, nakuomba." Ndipo nikaelewa jinsi mji mzima unavyoweza kuwa na kitu kidogo, cha halali au kisicho halali, ambacho unakiweka barabarani kwa kuamini kwamba hakuna anayekiokota. Nikipita sokoni mazungumzo yalikatika. Nilikuwa nimekuja kwao nikiogopa radi yao. Sasa mwenye macho nilikuwa mimi.

Kopo la biskuti tulilichoma nyuma ya studio, mimi na Mzee Oswadi, negativu na vyote, moshi wake mweusi unakera pua. Aliniachia nitoe kitu kimoja.

Siku niliyoondoka moja kwa moja ilikuwa ya baridi kama ile ya malori. Leonsia alinikuta stendi, mtoto mgongoni. Nilimpa kile kipande cha negativu, picha mbili, moja nzima na moja nusu, ndani ya bahasha. Yeye alikuwa ameileta ile ya rangi, amerudishiwa na Fidelisi. Pembe ya tarehe alikuwa ameikata kwa mkasi.

"Hatukuwahi kupiga picha pamoja," alisema. "Hata ya harusi. Ni hii tu." Kisha akasema, "Ungetuomba, Deo angekubali. Angejichekesha hapo mpaka ungechoka."

"Najua, dada. Nisamehe."

"Nenda salama." Hakunipa mkono. Palikuwa na watu.

Nilipanda, nikakaa dirishani. Kwa mazoea nikaanza kutazama. Stendi ilikuwa imejaa wanaosafiri na wanaosindikiza, wanaume wametangulia, wake wako nyuma, upepo unavuma. Wote walikuwa wamesimama wima kama wanaosubiri kupigwa picha ya paspoti. Kijana mmoja sweta lake lilikuwa limejikunja shingoni, mkewe akiliona, mikono yake ameifungia ndani ya kanga. Yule mke aliangalia dirisha langu, akaangalia chini.

Basi likaondoka. Nilipogeuka, kabla vumbi halijawafunika, nilimwona anainua mkono kuelekea shingo ya mumewe. Alikuwa amesubiri mimi niondoke.